Mfalme wa Mbuzi Tisa

Ukweli usemwe: Habsa hakuchaguliwa kwa heshima. Kisima cha Gotu kilipohitaji mtu wa kupanga foleni ya mifugo, wazee walitafuta mtu wa kusukumika, wakamwona mjane huyu, mama wa Siham, mwenye mbuzi tisa. "Huyu hatatusumbua," walicheka, wakampa ufunguo wa pampu na jina la utani: Mfalme. Wallahi, walijidanganya!

Desturi ya pale ni kwamba anayepanga zamu hunywesha mifugo yake mwisho kabisa. Habsa akaishika hivyo hivyo. Aliyetangulia kufika alinywesha kwanza, awe na kondoo watatu au ng'ombe mia. Lakini ukame ulipokolea, pampu ya sola ilichoka mapema, na mara mbili wiki hiyo mbuzi wake walirudi nyumbani na kiu. Mmoja, mwenye mimba, alianza kuyumba. Habsa alilia peke yake, akajifuta kwa mtandio.

Alhamisi akaja Abdinur, tajiri wa ngamia sitini.

"Salaam aleikum, Mama Siham. Nifungulie haraka, nina safari."

"Aleikum salaam. Kuna watu kumi mbele yako."

"Unajua unaongea na nani?"

"Na mtu wa kumi na moja."

Watu wakaangua kicheko. Abdinur alifura, lakini akangoja. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa Habsa na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Zamu ya Abdinur ilipofika, saa kumi jioni, ngamia arobaini walikunywa vizuri. Mara wingu likafunika jua, maji yakawa uzi mwembamba. Habsa akamtazama yule mbuzi mwenye mimba, ambaye sasa alikuwa amelala chini. Moyo ulimwuma mno.

"Endelea, Mzee," akasema. "Zamu bado ni yako."

Abdinur akamwangalia, akamwangalia na yule mbuzi. Kisha akachukua fimbo, akawarudisha nyuma ngamia wake ishirini waliobaki.

"Ngamia watavumilia," akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Mbuzi wa huyu mama wakiisha, atauacha ufunguo, na kesho utashikwa na mtu kama mimi, wa kujitanguliza. Hapo si tutakwisha?"

Vigelegele vikapasuka! Habsa alicheka huku machozi yakimtoka, akamwinua mbuzi wake kwa mikono miwili hadi kwenye birika la kunyweshea. Nyuma ya mbuzi tisa, tajiri wa ngamia sitini alisimama na fimbo yake, akingoja wanywe washibe.