Sukari ya Meneja

Nianze kwa kukiri, maana wengi wenu mmeshaisikia habari hii kwa watu wengine na kila mmoja kaongeza chumvi yake. Ni kweli, mimi Baba Limi, fundi cherehani wa Nyasubi, mtu mzima mwenye mke na watoto wanne, niliidanganya jumuiya nzima kwamba nina kisukari wakati mwenye kisukari ni paka wangu. Laiti ingeishia kwenye kuchekwa ningeshukuru, ila nusura mama wa watu apoteze maisha kwa uongo ule, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hayo mengine nacheka pamoja nanyi.

Paka mwenyewe anaitwa Meneja. Jina alipewa na wachimbaji wanaokuja kushonesha ovaroli kwangu, kwa sababu kutwa analala juu ya meza ya kukatia nguo, kazi hafanyi, na kila anayeingia anamletea kitu (huyu andazi, yule kipande cha chapati, mke wangu wali wa jana uliomwagiwa maziwa). Alinenepa mpaka panya wakawa wanapita mbele yake bila haraka. Halafu mwaka jana akaanza kukonda huku anakula vilevile, anakunywa maji utadhani katoka machungani, anakojoa hovyo, na pale alipokojoa sisimizi wanajaa. Mke wangu ndiye aliyewaona hao sisimizi, akasema huyu paka ana sukari, nami nikamcheka, nikamuuliza mnyama anaipata wapi sukari, akaniangalia, akaangalia andazi lililokuwa mezani, akaenda zake.

Bwana mifugo alipokuja mtaani kuchanja ng'ombe wa jirani nilimvizia, nikamweleza kwa sauti ya chini. Alicheka kwanza (alikiri kwamba ameshaitwa kwa ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa, lakini kwa paka ndiyo mara yake ya kwanza), akamkagua, akasema mke wangu amepatia. Akanipa masharti: wali, ugali, andazi, chapati na maziwa ni marufuku, ale nyama, dagaa wa kuchemsha wasio na chumvi na yai la kuchemsha, mara mbili kwa siku, saa zilezile, na nisimshindishe njaa nikidhani ndiyo dawa. Halafu ninunue mashine ileile wanayojipimia binadamu, nimtoboe ukingo wa sikio kidogo tu, tone moja, niandike namba kwenye daftari kila asubuhi na jioni, na sukari isiposhuka kwa chakula ndipo tutaongea habari ya sindano.

Sasa elewa ninapoishi. Kwetu mwanamume anahesabiwa kwa ng'ombe, na mimi sina hata ndama, halafu nionekane namuuguza paka! Na huu ni ukanda wa dhahabu. Mtu akikuona asubuhi na mapema unamtoa paka damu ya sikio hataki maelezo, anajua tayari unafanya ndagu, yaani umetumwa na mganga kutafuta utajiri wa madini, na kuanzia kesho yake hakuna atakayekuletea hata suruali ya kupunguza. Kwa hiyo nilipofika duka la dawa kuchukua ile mashine, muuzaji akaniuliza mgonjwa ni nani, nikageuka nikamwona Mama Kulwa amesimama nyuma yangu (jirani yetu, mama wa umri wa mama yangu, ana kisukari miaka mingi, alikuja kuchukua vidonge vyake), nikaona nikitaja paka nimekwisha. Nikasema ni mimi.

Basi nilidhani nimejisitiri. Jioni yake jumuiya yetu ya kanisani ikaja kunijulia hali, imeongozwa na mwenyekiti Baba Dotto, mchimbaji mstaafu aliyechimba huko Geita mpaka magoti yakamshinda, akaniombea sala ndefu sana huku mgonjwa halisi amejilaza mapajani kwangu. Wiki iliyofuata kulikuwa na sherehe ya kipaimara kwa jirani, pilau linanukia mtaa mzima, na mimi nikaletewa sahani yangu peke yangu, kabichi ya kuchemsha na sato asiye na chumvi, kwa sababu Mama Kulwa alishaongea na wapishi. Watu wananiangalia kwa huruma. Mke wangu, anayejua kila kitu, amekaa pembeni yangu na pilau lake na anatafuna polepole, kusudi.

Mama Kulwa ndiye aliyenishinda. Kila asubuhi akienda sokoni anapita kibarazani kwangu, ananiamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mwenzangu," anakaa kidogo, ananisimulia jinsi miguu inavyomwaka moto, na jinsi wanawe wanavyomchoka akikataa ugali. Siku moja alilikuta daftari la Meneja juu ya cherehani (sikuandika jina, nilikuwa naogopa), akaona 19, 21, 18, akashika mdomo, akaniambia mwanangu wewe ni wa kulala hospitali. Nikamtuliza. Na kweli, masharti yakafanya kazi, Meneja akaanza kurudi mwilini, namba zikashuka, 12, 9, mpaka 7, na Mama Kulwa anazifuatilia kila siku kwa furaha kuliko mimi mwenye paka. Ndipo akaniuliza nimefanyaje. Pale ningeweza kusema. Badala yake nikamtajia chakula cha paka chote kama kilivyo, nyama, dagaa, yai, ugali hapana. Akauliza ni vidonge gani nakunywa. Nikamwambia sinywi kidonge hata kimoja, na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilinitoka kirahisi.

Jumamosi moja asubuhi zamu ya kusali ikawa kwetu. Baada ya sala Baba Dotto akasema kuna jambo la kumshukuru Mungu, Baba Limi atatueleza alivyopona. Kabla sijasimama Mama Kulwa akaomba aanze yeye. Akasema ameshaacha vidonge tangu Jumatatu, anafuata njia ya Baba Limi, dagaa na mayai tu, na ingawa anasikia kizunguzungu na kiu haimwishi, anaamini ni ugonjwa unatoka. Watu wakapiga makofi.

Niliangalia yale makofi, nikamwangalia yule mama midomo imemkauka na chupa ya maji haimtoki mkononi, kiu ileile niliyoiona kwa Meneja, nikajua nikikaa kimya hata kwa kusubiri makofi yaishe naua mtu. Nikasimama.

"Mama Kulwa, rudi kwenye vidonge vyako leo hii. Sukari si yangu. Ni ya paka."

Mama mmoja akadhani nimechanganyikiwa kwa ugonjwa, akaninong'oneza nikae. Nikaeleza tena toka mwanzo, sisimizi, bwana mifugo, sikio, tone la damu, na nilipofika kwenye damu nikaona nyuso zinabadilika. Baba Dotto, ambaye ameona mengi machimboni, aliweka kitabu chake cha nyimbo chini akaniuliza taratibu.

"Hiyo damu ya paka unaipeleka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Nilichokikimbia kule duka la dawa, kudhaniwa nafanya ndagu, kilikuwa kimenifuata mpaka sebuleni. Aliyeniokoa ni mke wangu: aliingia ndani akatoka na paka mkono mmoja, mashine na daftari mkono wa pili, akaniambia nipime waone. Basi nikapiga magoti mbele ya jumuiya, watu wazima ishirini na kitu wamenizunguka, nikamtoboa Meneja sikio, nikaweka tone kwenye kijikaratasi cha kipimo, Baba Dotto akavaa miwani akasoma namba kwa sauti kama anasoma somo la kwanza, saba nukta mbili, akalinganisha na daftari, akakubali. Nikafuta sikio kwa pamba, pamba ikaenda jalalani, wote wakaisindikiza kwa macho. Hapo ndipo kicheko kilipoanza. Walicheka mpaka mmoja akatoka nje, wanakumbuka ile kabichi, wanakumbuka sala ndefu, Baba Dotto mwenyewe machozi yanamtoka. Niliinamisha kichwa nikavumilia.

Mama Kulwa hakucheka. Alinisogelea akanyoosha kidole akasema nimpime na yeye. Nikanawa mikono, nikachukua kisindano kipya, nikampima, na mashine ikaandika 27, namba ambayo hata Meneja hakuwahi kuifikia. Kicheko kikakatika. Baba Dotto akaita bajaji, mimi na mke wangu tukampeleka hospitali, wakamlaza na kumwekea dripu, na daktari akasema angesubiri siku mbili zaidi tungekuwa tunaongea habari nyingine. Niliketi kwenye benchi pale nje, na nesi aliyepita (habari za Nyasubi zinatembea kuliko bajaji) akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye mwenye paka. Nikasema ndiyo, ni mimi.

Siku ya tatu sukari ilishatulia, wakaniruhusu kuingia kumwona. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza Meneja anaendeleaje. Nikasema vizuri. Akakunja upindo wa shuka.

"Wewe uliogopa kuchekwa tu, Baba Limi. Mimi nilifurahi nimepata mwenzangu."

Nikamwomba msamaha kwa Kiswahili, nikamwomba tena kwa Kisukuma, akasema wabeja, yaani asante, amenisikia, atanisamehe, ila siyo leo.

Tangu hapo nimeapa, jambo la kwangu nitalisema kama lilivyo hata likichekesha, maana kuchekwa kunapita, mimi wananicheka mpaka leo na nguo wanaleta vilevile. Uongo wa kujisitiri ndio siutaki tena, mwingine anaweza kuuchukua akaenda kuuishi. Asubuhi Mama Kulwa anapita, nampima kwanza yeye, kisha Meneja, na vidonge anavimeza hapohapo mbele yangu. Tunaongea mengi. Ile siku ya msamaha bado hajaniambia kama imefika, na mimi simharakishi.