Mguu wa Kushoto wa Mama Mbio

Miaka tisa nimekaa cherehani ya jirani na Mama Mbio. Kila asubuhi anaingia kiwandani nywele zikiwa bado mbichi kwa maji ya kuoga, kashakimbia kilomita kumi na mbili. Nilizoea kumtania, nikimuuliza anamkimbia nani na mumewe mpole vile. Yeye hucheka tu, akavuta kitambaa.

Alichotaka ni kimoja: kumaliza marathoni chini ya saa nne kabla hajatimiza miaka hamsini. Mara tatu goti la kulia lilimwangusha mwishoni. Mwalimu wa mazoezi alipojua kazi yake akamwambia mguu unaokanyaga pedali kutwa nzima umemzidi nguvu mwenzake, ndiyo maana goti la kulia hubeba mzigo wote. Basi akaisogeza pedali upande wa kushoto, kimyakimya.

Mguu mgeni hauna adabu. Cherehani ikawa inaruka, inasita, na kola za sare za shule zikaanza kwenda upande. Niliziona tangu Jumatatu. Nikauchuna, nikijisemea acha ajue kazi haichezewi. Sijivunii hilo.

Ijumaa msimamizi akamrudishia kola sitini. Zifumuliwe na kushonwa upya kesho yake, la sivyo atafute kazi kwingine. Mbio zilikuwa Jumapili, na Jumamosi ndiyo siku aliyopanga kupumzika. Alirudisha pedali kulia, akachukua kiwembe, akaanza.

Jumamosi nilikuja bila kuitwa. Tulifumua na kushona mpaka jioni, mgongo ukiniwaka moto. Katikati ya kazi nikamwambia kwamba nilijua tangu Jumatatu. Alikata uzi wa kola aliyoishika.

"Ungeniambia tu, dada."

Nikasema kweli, ilinipasa kumwambia. Akanisogezea rundo lingine.

Jumapili nilimsubiri kwenye mstari wa mwisho. Alimaliza kwa saa nne na dakika mbili, akaketi palepale barabarani. Nikamuuliza habari za goti.

"Goti halikuuma hata kidogo," akasema. "Mgongo ndio uligoma."

Niliona haya. Dakika zile mbili najua zilikopotelea.

Mbio nyingine ni mwakani, miezi miwili kabla ya hamsini yake. Jumatatu niliwahi kiwandani kuliko wote, nikaisogeza pedali yake kushoto, nikakaa kwangu kumngojea. Kola ya kwanza nitaikagua mimi.