Kiti cha Mama Ufukweni

Kazi yangu ni kupamba harusi za watu. Nina kibanda Kitui mjini, nyuma ya soko, kimejaa mapazia meupe, vifuniko vya viti na ndoo za maua, na kama umeolewa pande hizi miaka ya karibuni, huenda utepe uliokuwa mgongoni mwa kiti chako niliufunga mimi. Matanga pia napamba. Hema ni lile lile na mapazia ni yale yale, kinachobadilika ni rangi ya utepe tu. Maharusi hawapendi kulisikia hilo, lakini ndio ukweli, na mimi sijui kuuzungukazunguka ukweli.

Harusi niliyoipamba kwa roho yangu yote ni ya msichana wa dada yangu mdogo. Dada alikuwa ameolewa Kathonzweni, na huko ndiko alikofia, mtoto akiwa na miaka minne. Baba mtu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Aliniletea mtoto na mfuko mmoja wa nguo, akaniomba nikae naye kidogo. Kidogo hicho kilianzia chekechea kikaishia chuo kikuu. Shemeji simlaumu, alikuwa akija kila alipopata nafasi na hakuwahi kuja mikono mitupu, lakini homa za usiku zilikuwa zangu, na chawa wa shule walikuwa wangu.

Mungu hakunijalia mtoto wa tumbo langu, na watu wana midomo. Mama mmoja wa kanisani aliwahi kuniambia mbele ya wenzake kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nikamwambia aje basi yeye amsuke yule mtoto nywele kila Jumapili akipigwa mateke, halafu tutajua uchungu ni wa nani. Hakurudia. Msichana mwenyewe aliniita anti tangu siku ya kwanza, na mimi sikumwomba aniite kitu kingine. Nilisema moyoni, kama neno liko njiani litafika.

Basi akakua, akapata mchumba, kijana wa Mwingi anayefanya kazi Mombasa. Wakasema harusi yao itakuwa Diani, mchangani kabisa, mbele ya hoteli. Nilinuna. Kanisa letu lina paa, lina kivuli, lina choo karibu. Bahari ina nini zaidi ya upepo? Lakini aliponiambia kwamba maua na mapambo yote ni yangu, na kwamba amemkataa mtu wa hoteli kwa ajili yangu, kununa kukaisha palepale.

Sasa niseme jambo lililokuwa moyoni mwangu. Katika harusi zetu, kuna kiti cha mama wa bibi harusi. Kiko mstari wa mbele, na watu wote wanakijua. Mimi hukipamba mwisho, kwa mkono wangu, simwachii msaidizi. Nakifunga utepe mpana kuliko wa vingine na naweka juu yake ua la kubandikwa begani kwa mama akifika. Nimepamba viti vya mama za watu mpaka nimepoteza hesabu. Hiki cha Diani nilitaka kukikalia mimi. Nilikitaka kama mtoto anavyotaka nguo ya Krismasi, na sikumwambia mtu.

Alikuja Kitui tuchague maua. Tulikaa kibandani juu ya marobota ya vitambaa, tukafungua picha kwenye simu yake, tukabishana vizuri. Yeye alitaka mayungiyungi makubwa meupe. Nikamwambia yatafika Diani yameinamisha vichwa kama watu waliofeli mtihani, achukue waridi za rangi ya maziwa, na vile viua vidogo vidogo tunavyoviita jipso, maana jipso hata ukiisahau juani haikasiriki. Alitaka mishumaa. Mishumaa ufukweni ni mzaha, nikampa taa za vioo. Alitaka mapazia marefu yapepee. Nikakubali, ila nikamwambia kila pindo litashonewa kokoto, la sivyo mchungaji atahubiri akiwa amefunikwa kichwa. Alicheka mpaka akashika mbavu. Siku hiyo nilikuwa na furaha sana.

Halafu akafika kwenye picha moja, akatulia. Ilikuwa ya kiti kimoja cheupe, kimezungushiwa maua kuanzia mgongoni hadi miguuni.

"Hiki ni cha mama," akasema. "Nataka kibaki wazi, anti. Asikikalie mtu."

Nilijifanya natafuta mkasi. Akaendelea kunieleza, taratibu, kwamba hakitakuwa na maua meupe. Alitaka bogenvilia za zambarau, na zitoke Kathonzweni, kwenye ua wa nyumba yao. Akasema jambo moja tu ndilo analolikumbuka kuhusu mama yake: amelala, ametulia, na bogenvilia zimemjaa kifuani. Akasema bila shaka mama yake aliyapenda sana maua hayo.

Dada yangu hakuwa mtu wa maua, alikuwa mtu wa mbuzi na kunde. Mwaka ule alipokufa palikuwa na kiangazi kibaya, hapakuwa na ua lolote hai kijijini isipokuwa bogenvilia za uani, kwa hiyo wanawake walizikata wakazitandaza juu yake ndani ya jeneza, na mtu fulani akambeba mtoto amwone mama yake kwa mara ya mwisho. Hicho ndicho anachokikumbuka. Sikumwambia siku hiyo na mpaka leo sijamwambia. Mtu ana picha moja tu ya mamake, mimi ni nani nimpokonye?

Nilimuuliza tu, kama mchezo, mimi nitakaa wapi. Akanijibu kwamba nitakuwa na kazi nyingi siku hiyo, na kwamba ananitegemea mimi kuliko mtu mwingine yeyote. Ni kweli, lakini iliniuma.

Mama yangu, nyanya yake, alipopata habari za kiti, alikataa katakata. Mama ni mwanamke wa kanisa tangu ujana wake, na ni Mkamba aliyezaliwa wakati mambo ya zamani bado yanafanyika nyuma ya nyumba. Alisema kuweka kiti wazi, ukakipamba, ukakiita cha marehemu, hiyo si harusi, hiyo ni ithembo, mahali pa kulishia mizimu, na babake aliziacha ithembo akabatizwa ili sisi tusirudi huko. Watoto wa siku hizi wameona mambo ya wazungu kwenye simu, hawajui kwamba kwetu kitu hicho hicho kina jina lake. Aliyekufa hapewi kiti, akasema. Kiti cha mama kinakaliwa na mtu aliye hai, au kinaondolewa.

Kisha akanigeukia. "Kaa wewe. Wewe ndiwe uliyemlea."

Haki ya Mungu, nilisikia mwili wote unapata joto. Neno la mama yangu katika ukoo wetu halipingwi. Nilikuwa nimepewa kile kiti na mtu mwenye uwezo wa kukitoa, na sikuwa nimeomba.

Msichana akaitwa, akaja mpaka kijijini, akaelezwa. Hakubishana na nyanya yake. Alikaa kwenye kigoda jikoni, moshi ukimpiga usoni, akalia kimya kimya, kisha akaniangalia mimi, si nyanya.

"Nikikuweka wewe pale, anti, mama atakuwa amekufa kabisa."

Ningefanya nini? Ningemwambia nini mtoto niliyemfuta kamasi? Nilimwambia mama yangu aliache jambo hilo, kiti nitakipamba mimi na lawama za kanisa zinijie mimi. Msichana nikamshika mkono nikamwahidi kwamba hakuna atakayekikalia, hata mimi. Mama akasema atakuja harusini, lakini hatakaa karibu na kitu hicho. Usiku nilipanga vitambaa huku nimekunja uso, na nikikumbuka nilivyokuwa nimekitamani, nilijionea haya.

Tulipakia pikapu Kitui, tukapitia Kathonzweni alfajiri kuchukua bogenvilia. Bogenvilia ni ua la kiburi. Likikatwa tu linanyauka, ndiyo sababu hulioni madukani. Unalikata kabla jua halijatoka, unapukuta majani yote, unalitia kwenye ndoo ya maji hadi shingoni na kulifunika gunia bichi. Shemeji alikuwa ananingoja na panga. Siku hizi ana mvi, mgongo umemwinama kwa ajili ya miaka ya usukani. Tulikata, yeye matawi ya juu, mimi ya chini. Ndoo ya mwisho ilipojaa, akafuta panga kwa suruali yake.

"Ni mti ule ule, shemeji," akasema.

Nikamwambia najua.

Diani nilifanya kazi nzuri, na hapo sitajidai mnyenyekevu. Mapazia yalipepea na hayakumfunika mtu. Waridi zilisimama. Wageni wa Mombasa walikuwa wakipiga picha tao langu la maua pale pa kuingilia kabla hata bibi harusi hajatokea. Kiti cha mama nilikipamba mwisho, kama kawaida yangu, nimepiga magoti mchangani, nikizungusha waya na bogenvilia kutoka chini kwenda juu. Nilipofika mgongoni mwa kiti nikaanza kulia. Nililia vizuri, kwa sauti, bahari ikanisaidia kuificha. Wakati wa mazishi sikuwa nimepata nafasi ya kumlilia dada yangu, kwa sababu nilikuwa na mtoto wa kunyamazisha.

Ibada ikaanza. Mama yangu alikaa mstari wa pili, amekipa kile kiti bega. Mimi nilisimama nyuma kabisa, kando ya nguzo ya tao, na pini mdomoni endapo kitu kingefunguka. Msichana alipita amemshika babake mkono, akasimama mbele ya kiti, akakigusa, akaendelea. Alipendeza jamani. Nilitamani kumwambia mtu aliyekuwa karibu nami kwamba yule ni wangu, lakini alikuwa mhudumu wa hoteli, angenijibu nini.

Mchungaji akauliza nani anamtoa binti huyu aolewe. Kwetu swali hilo baba na mama hulijibu pamoja, kwa sauti moja: sisi wazazi wake. Shemeji akasema, "Sisi," kisha akakwama. Mtu mmoja, na anasema sisi. Akafunga mdomo, akangoja, na mchungaji naye akangoja. Watu walikiangalia kile kiti cha zambarau. Mama yangu akageuka mzimamzima akanitazama mimi, macho makavu. Shela ya bibi harusi ikasogea, nikadhani ni upepo.

Jibu lilikuwa mdomoni, pamoja na zile pini. Lakini nilikuwa nimeahidi. Niliangalia chini, nikayashika maneno yangu kwa meno. Mchungaji akakohoa kidogo, akasema amina, akaendelea na viapo.

Jioni watu walipokuwa wanakula, nilianza kufungua tepe. Msichana alinijia peku, gauni amelikusanya mkononi, uso umemvimba. Nilifikiri ameona kasoro kwenye maua.

"Anti, mbona hukujibu?"

Nikamwambia niliahidi kiti kibaki wazi. Nilisema hivyo kwa ukali kidogo, maana nilikuwa nimechoka na nilikuwa nimeumia.

"Kiti, ndiyo. Sikusema unyamaze." Alikuwa ananitazama kama siku ile aliyoletwa na mfuko wa nguo. "Nilimwambia baba aanze, wewe utamalizia. Nilijua utamalizia tu. Nikageuka kukutafuta, ukaangalia chini. Nikajua umechoka nami."

Nilimkumbatia, na waya zikiwa bado mikononi. Nilimwambia sijachoka naye, sitachoka naye, na kwamba ningejibu hata mara mia. Akaitikia kwa kichwa, begani mwangu, kama mtu anayekubali pole. Kisha mumewe akamwita, jua lilikuwa linazama na mpiga picha alikuwa anawangoja kwenye maji. Akajifuta, akaenda.

Katika kazi yangu kila kitu kina dawa. Waridi likivunjika naweka jingine, pazia likichafuka nageuza upande. Lakini mchungaji huuliza mara moja tu. Huwezi kumfuata nyuma ya hoteli, anakula pilau, umwambie aulize tena, sasa nimeelewa.

Nilifungua viti vyote mstari kwa mstari. Kile cha mama nilikiacha mwisho. Bogenvilia zilikuwa zimeanza kunyauka, na ufuo mzima hapakuwa na mtu wa kuniona, na bado sikukikalia.