Sufu Yetu Mdomoni mwa Wifi

Wifi yangu hajawahi kushika kondoo. Dada huyu wa mume wangu alizaliwa Nairobi, akalelewa Nairobi, na sweta zake zilitoka dukani. Aliyekulia Kinangop ni mimi, kwenye kipande cha shamba alichoacha mlowezi wa Kizungu, pamoja na kondoo wake wa sufu. Lakini binti yangu, akiwa na miaka mitano, aliamini kwamba mambo ya kondoo ni ya anti yake.

Kazi ndiyo iliyoleta haya. Kila Jumamosi nilikuwa nikiwaogesha wazee kwenye nyumba ya kuwatunza huko Beltsville, mume wangu yuko kwenye teksi, kwa hiyo wifi anamchukua mtoto hapa Langley Park, huku ughaibuni tulikohamia, na kwenda naye kwake, mji wa Columbia. Karibu na kwake kulikuwa na shamba la kale lililohifadhiwa ili watu waone ufugaji wa zamani. Jioni wananirudia wawili hao, wananisimulia wakipokezana, mtoto kwa Kiingereza chake, wifi akimsahihisha. Kwamba zamani mashamba ya kule yalijaa kondoo. Kwamba watumwa ndio waliokata manyoya, kisha wakavishwa kitambaa kibovu kuliko vyote. Kwamba mtoni kulikuwa na kiwanda cha kusokota sufu, mpaka reli ikaleta sufu ya bei rahisi kutoka magharibi, kikafa.

Nilikuwa nakatakata sukuma wiki. Nikasema kwetu kilichoua sufu ni mitumba: marobota ya sweta yalijaa sokoni, lori la ushirika la kuchukua sufu likaacha kuja, watu wakapanda kabichi. Mtoto akaniambia anajua, anti ameshamwambia.

Ameshamwambia! Mambo niliyomsimulia wifi mimi mwenyewe, nikimsuka nywele jikoni kwake. Hata lile gunia.

Gunia la sufu kwetu lilikuwa refu kuliko mtu mzima. Linaning'inizwa kwenye boriti, mtoto mwepesi anatumbukizwa ndani, anakanyaga huku wakubwa wanamwagia sufu kwa juu. Inavyojaa ndivyo anavyopanda, mpaka kichwa kinachomoza, miguu imelainika kwa mafuta ya kondoo kama iliyopakwa samli. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Katika hadithi ya wifi, alikuwa yeye.

Ningenyamaza. Lakini wifi hana mtoto, na akaanza kumwambia mume wangu kwamba shule zikifunguliwa Septemba binti yetu ahamie kwake, shule za Columbia ni nzuri, sisi tumchukue wikendi. Mume wangu akasema tufikirie. Mtoto naye alikuwa ameshachagua kitanda huko kwa anti.

Siku ya kukata manyoya kwenye lile shamba la kale nilibadilishana shifti nikaenda nao. Mzungu mmoja mzee alikuwa ametundika gunia kama letu, anatafuta mtoto wa kukanyaga. Binti yangu akavua viatu kabla hajaulizwa. Akazama, tukasikia kicheko chake tu, sufu ikamwagwa, akapanda polepole, na kichwa kilipotokeza macho yake yalinipita yakaenda kwa wifi. Akamwambia yule mzee kwa fahari kwamba anti yake aliifanya kazi hii Afrika, alipokuwa mdogo.

Yule mzee akampa wifi mkono. Na wifi akaupokea.

Nikamwambia kwa Kiswahili, mbele ya watu, "Mwambie mtoto aliyekanyaga gunia ni nani."

"Wifi, si ni hadithi tu? Ona vile mtoto anafurahi."

"Hadithi kaa nayo. Mtoto hatalala kwako, si Septemba, si siku yoyote."

"Unamnyima shule kwa sababu ya wivu?"

"Ndiyo," nikasema. "Kwa sababu ya wivu."

Nikamchomoa binti yangu kwenye gunia akilia, akimwita anti, nikampandisha basi na viatu mkononi. Mume wangu alikasirika, nikamwambia akitaka ahamie Columbia yeye. Nikaomba kazi ya usiku ili Jumamosi niwe nyumbani, na shule ilipofunguliwa nilimpeleka hii ya kwetu, kwa miguu. Nilimwambia habari za gunia, kwamba ni mimi. Akanitazama kama mtu anayedanganywa, akauliza anti atakuja lini.

Majuma mengi hakunipa hata shavu nimbusu. Sawa. Anichukie, lakini anichukie akiwa kwangu.