Beti Nne, na Jerikani Haijajaa

Mke wangu ndiye aliyeshika ufunguo wa robine, mfereji wa maji wa kijiji chetu kule Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, na ufunguo ule nusura ututoe nyumbani.

Maji yalikuwa yanachuruzika kama kamasi ya mtoto. Jerikani zilipangwa mstari toka alfajiri, kila moja na jiwe la mwenyewe juu, na saa sita nusu ya watu walirudi na jerikani tupu. Fundi wa maji akatoka Mbarara na karatasi yake. Tangi linabeba kiasi hiki, bomba la inchi mbili linapitisha kiasi hiki, watu ni hawa: maji yanatosha. Kama hayafiki, kuna mwizi. Mwenyekiti wa komite ya maji, Mkongomani mwenzetu, tuliyekimbia naye vita ileile, akamnyooshea mke wangu kidole mbele ya watu.

"Huyu mama anauzisha maji yetu kwa benye ng'ombe. Siku ya posho tunamutosha mu kijiji, aende, yeye na bwana yake."

Zilibaki siku tatu chakula cha posho kigawiwe. Wanawake walianza kumpita bila salamu. Mmoja alitema mate miguuni pake.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Lakini niliwahi kuchimba mitaro Nyamityobora, mjini Mbarara, chini ya fundi mmoja mzee, Mwislamu. Siku moja alikata vipande viwili vya bomba, urefu sawa, kimoja cha inchi mbili, kingine cha inchi moja. Akaviziba chini, akaniambia nivijaze kwa kikombe. Nilidhani kile kinene kitakula mara mbili ya chembamba. Kilikula mara nne.

"Na hiyo ni maji imelala," mzee akasema. "Ikitembea, bomba dogo inaibana zaidi."

Saa sikuwa nayo. Nikapima kwa wimbo wetu wa matoleo kanisani, ambao kila mtu wa kwetu anaujua mwendo wake. Kijiji cha jirani kinakunywa tangi lilelile, tena kiko mbali na juu kuliko sisi. Kule jerikani ilijaa kabla sijamaliza ubeti mmoja. Kwetu nilimaliza beti nne, haijajaa.

Siku ya posho nikayasema hayo kwenye robine, mbele ya watu wote, fundi naye yupo. Mwenyekiti akacheka.

"Papa, unaimba polepole kama mutu wa matanga!"

"Basi imba wewe, mzee. Si ndiye unatuimbishaka kanisani?"

Watu wakapiga makofi, hakuwa na pa kukimbilia. Nikaweka jerikani chini ya robine, akaimba mbiombio mpaka jasho likamtoka. Beti nne zikaisha, jerikani haijajaa.

Nikachukua jembe. Fundi akapaza sauti: "Wewe! Hiyo bomba hapana gusa!" Nikachimba hapo hapo kwenye robine. Inchi mbili, sawa na karatasi ya fundi.

"Munaona?" mwenyekiti akasema.

Mke wangu akaninyang'anya jembe. Akahesabu hatua thelathini kuelekea tangi, mpaka penye nyasi ambapo wageni wanaokuja kukagua hawafiki, akachimba. Bomba lilikuwa jembamba kama kidole gumba.

Naandika wazi: ni fundi yule na mwenyekiti yule. Walizika bomba nene kwenye ncha mbili tu, pale macho yanapoangalia. Mabomba manene yaliyobaki tulikuja kuyaona kule Kabingo, kwa wafugaji, yananywesha ng'ombe kweli, na mwenye ng'ombe akatuambia ni wawili gani waliomwuzia. Bomba jembamba lilikaa chini vilevile msimu mzima.

Siku ile ile yule mama aliyetema mate alimfuata mke wangu. "Mama, utusamehe. Utufungulie robine."

Mke wangu akamtia ufunguo kiganjani, akakifunga kiganja chake.

"Ushike wewe. Maji ikikosa kesho, utajua ni ku miguu ya nani mate inaangukiaka."