Randa ya Marehemu Mkwe

"Mimi si mwizi! Niambie, nani katika nyumba hii aliwahi kuniona nikiiba?" Mfalme alipiga meza kwa kiganja, vumbi la mbao likaruka hadi kwenye kikombe cha mkewe. "Kaka yako anataka kunivua nguo mbele ya kanisa zima, na wewe umekaa unakoroga chai!"

"Nakoroga vumbi lako," mkewe akamjibu. "Chai ilishaacha kuwa chai."

Katikati yao, juu ya meza, ilikaa randa. Randa ya mbao, nyeusi kwa mafuta ya mikono, iliyokuwa ya marehemu baba yake mke. Hiyo ndiyo iliyowagombanisha watu wazima wenye wajukuu.

Mfalme hakuwa mfalme wa mtu. Alikuwa seremala, na kiti chake cha enzi kilikuwa kigoda chenye mguu mmoja wa kubandika, kwa sababu nyumba ya seremala ndiyo isiyo na kiti kizima. Jina hilo alilipata kanisani. Wamormoni wa mtaani kwao walipotaka kuigiza habari za mfalme mmoja wa kale aliyemo katika maandiko yao, walimchagua yeye. Alikuwa na sauti nene, na mnara wa maigizo wangejengewa bure.

Mfalme huyo wa kale alipigania watu wake kwa upanga, vita vilipokwisha akashika kazi kwa mikono yake mwenyewe ili asiwatwishe kodi. Alipozeeka akajengewa mnara, watu wakapiga hema zao milango ikielekea hekalu penye mnara huo, wakamsikiliza akiwaaga na kumkabidhi mwanawe ufalme. Seremala alizipenda habari hizo mpaka zikamwingia kichwani. Ukimwomba punguzo la bei ya kabati, anakuambia, "Mimi sijala jasho la mtu."

Na kweli hakula. Alifika katika karakana ya mkwewe akiwa kijana mwenye shati moja, akaanza kwa kufagia maranda. Akafundishwa kupima, kukata, kuunga. Kaka mtu, mtoto wa mwenye karakana, alifundishwa naye benchi moja, wakicheka pamoja na kuibiana misumari. Kisha kijana akamwoa binti wa fundi wake, na hapo hata misumari wakaacha kuibiana, maana ilikuwa ya ukoo mmoja.

Mzee alipokuwa kitandani hoi, alimwita mkwewe, akamwekea randa mikononi, akasema, "Kaa nayo."

Binti alikuwa ameshika mto. Kaka mtu alikuwa mlangoni na dawa. Maneno mawili tu, na kila mtu akaondoka na lake. Mfalme alisikia: nimepewa. Kaka mtu alisikia: ametunzishwa. Tangu mazishi, kaka hakunywa hata maji nyumbani kwa dada yake.

Siku moja kabla ya maigizo alifika getini, akakataa kuingia. "Dada, mwambie mumeo. Akifika pale mfalme anapowaagiza watu kila aliyeazima cha jirani akirudishe, nitasimama nimuulize cha baba yangu kiko wapi."

"Utanivunjia nyumba, kaka."

"Nyumba ina seremala. Ataiunga."

Mke hakulala vizuri. Akisimama kaka, mume hatamsamehe. Akiaibika mume, yeye hatamsamehe kaka. Asubuhi alipanga vitu vya maigizo kwenye kapu: joho, taji la kadibodi, na chini kabisa, randa.

Mfalme aliikuta nyuma ya pazia alipokuwa akivaa. Akamtafuta mkewe kwa macho kati ya viti, akamkata jicho ambalo lingeweza kupasua gogo. Mke akamrudishia lake.

Mfalme akaichomeka randa ndani ya joho, akapanda mnara. Alianza vizuri, sauti ikijaa ukumbi. Kaka mtu alikaa mstari wa mbele, mikono kifuani. Mfalme akasimulia kazi za mikono yake, akasimulia uzee wake, na kadiri alivyoukaribia mstari ule, ndivyo sauti ilivyokonda. Kisha ikakatika.

Mtu akakohoa. Aliyeshika maandishi akamnong'oneza, "Kila aliyeazima..."

"Naujua!" Mfalme akafoka.

Kaka mtu akasimama. Mke akashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

Lakini Mfalme alikuwa ameshaanza kushuka, joho likikwama kwenye ngazi, taji likimwangukia jicho. Akafika chini, akatoa randa ndani ya joho, akainyoosha.

"Chukua, shemeji. Baba hakusema nimepewa. Niliongeza mwenyewe."

Kaka mtu akaipokea. Akapitisha kidole kwenye makali. Yalikuwa makali ya kunyolea. Akashika pale kidole gumba kinapokaa. Pamechimbika, pana shimo. Kidole chake hakikulijaza. Wala cha baba yake, mwembamba yule, kisingelijaza.

"Umeichimba," akasema polepole.

"Nimefanya kazi nayo."

Kaka mtu akaitazama, akamtazama shemeji yake aliyevaa taji la kadibodi, akamrudishia.

"Kaa nayo."

"Ngojeni!" Mke aliinuka huko nyuma, kanisa zima likageuka. "Kaa nayo ipi? Safari hii semeni vizuri, mimi si wa kuzeekea kwenye ugomvi wa maneno mawili!"

"Nimempa, dada! Nimempa, sikumwazima! Umesikia?"

"Nimesikia. Na leo unakuja kunywa chai kwangu."

"Nitakuja." Kaka mtu akakaa, akajikuna shingo. "Ila shemeji, nina mlango wangu unakwama..."

"Utakuja kuiazima," akasema Mfalme, akaanza kupanda mnara. "Na utairudisha."