Kiazi cha Mwakani

Harufu ile ilianza jua likishuka. Mchana kutwa ukingo wa mbuga, nyuma ya shamba letu la tumbaku huko Goweko, ulinukia tope na majani mabichi tu. Lakini kivuli cha miombo kikishafika majini, hewa ilijaa utamu kama wa asali iliyorinwa sasa hivi, na nondo, wale vipepeo wa usiku, wakaanza kuja. Lilikuwa ua jeupe, petali zake nyembamba zimetawanyika kama miguu ya buibui, na nyuma yake ulining'inia mkia mrefu wenye tone tamu. Wataalamu huliita okidi ya ardhini, kwa kuwa halikai juu ya miti kama ndugu zake wengi. Sisi watoto tuliliita ua la buibui. Lilipenda mahali pamoja tu, pale maji yanapotuama wakati wa mvua na kukauka kiangazi. Ukilihamishia uani, lilikufa.

Shangazi Nyamizi, dada yake baba, ambaye nililala chumbani kwake, alinikuta siku moja nikifyonza mkia wa ua. “Wewe Kalunde, umekuwa nyuki lini?” akacheka. Kisha akapiga magoti, akafukua shina kwa vidole, akanionyesha viazi viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu. “Hiki kilichosinyaa ndicho kinacholea ua la mwaka huu. Kikimaliza kazi kinakufa. Hiki kinene ni cha mwakani.”

“Nikikila kinene?”

“Umekula mwaka mzima, mlafi wewe! Akiba haiozi, iache.” Akafukia, akagandamiza udongo kwa kisigino huku akizungusha mguu kidogo, ikabaki alama iliyopinda kama mwezi mchanga. “Gandamiza vizuri, kijue hatujakitupa.”

Mvua zilipokaribia kwisha, walikuja wanunuzi kwa pikipiki, wakifuata njia ile ya zamani ya misafara, wamefunga magunia nyuma. Walitoka kusini, ambako viazi hivyo hutwangwa pamoja na karanga vikapikwa chakula. Kina mama wa kwetu walikataa kuwachimbia, na sauti iliyozidi zote ilikuwa ya shangazi. “Wakachimbe kwa mama zao!” Watu wakacheka, nami nikajivunia yeye.

Siku chache baadaye nilikwenda mbugani, nikakuta majani yamelala chini, ukingo wote. Nikadhani wale wageni wamerudi kwa kificho. Lakini mwizi haraka zake humtosha, hafukii mashimo. Haya yalikuwa yamefukiwa yote, na juu ya kila moja palikuwa na mwezi mchanga wa kisigino. Nikafukua moja. Ndani kulikuwa na kiazi kilichosinyaa, peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimkuta shangazi jikoni akisonga ugali. Nikamwambia nimeyaona mashimo. Hakugeuka. “Maua yatatoka. Nimerudisha viazi.”

“Umerudisha vilivyosinyaa, shangazi.”

“Yatatoka, Kalunde. Nimewahi kukudanganya?”

Hakuwahi. Basi nikamwamini yeye, nikayakana macho yangu mwenyewe. Kabla ya mvua zilizofuata, chumba chetu, kilichokuwa kikivuja juu ya kitanda, kiliezekwa mabati mapya. Usiku nililala mkavu nikisikiliza mvua ikiyapiga, nikihesabu kwamba huko mbugani ardhi inalainika. Kila jua liliposhuka nilikwenda ukingoni kunusa. Nilinusa tope. Nondo walikuja siku za mwanzo, wakazunguka, wakaacha.

Leo ukingo ule ni majaruba ya mpunga, na mchele wake ni mzuri, siwezi kuulaumu. Shangazi amezeeka. Nikimwamkia shikamoo, huitikia marahaba na kunishika mkono muda mrefu, wala hatujawahi kulitaja ua lile. Uchimbaji nimeuelewa: paa lilivuja, naye alikuwa mjane. Swali lake la jikoni ndilo sijalielewa, maana aliyeniuliza ndiye aliyenifundisha kiazi kipi hufa.

Juzi nilikuwa nikipanda mahindi na binti yangu uani. “Mama, mbona kila ukifukia unazungusha mguu hivyo?” akauliza. Nikatazama chini, nikaona miezi michanga imejipanga nyuma yangu mstari mzima. Sababu yake naijua kwa moyo, neno kwa neno, kama shangazi alivyoitamka. Nilifungua mdomo nimwambie, kisha nikainama, nikafukia shimo lililofuata kwa mkono.